Usingizi wa Uwakala

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeiulizia kwa watu wazima wenye akili zao, wote wakaniambia haipo, na kila mmoja alinijibu kwa sauti ya chini huku akitazama mlango. Basi tukubaliane hivyo: haipo, na Siwema binti Ngwali hakupata kuishi humo, wala hakupata kumlalia mumewe miaka yote ile. Habari za nchi isiyokuwapo hazimuudhi mtu, na mimi ni mtu wa amani.

Katika nchi hiyo malori yalikuwa yakianguka kila kukicha. Serikali haikukaa kimya. Kwanza ililaumu barabara, ikazipaka rangi nyeupe pembeni. Malori yakaanguka. Ikalaumu kona, ikazinyoosha, na malori yakaanza kuanguka mahali paliponyooka kama rula, ambapo hata mlevi angepita. Mwishowe wakaitwa wataalamu kutoka ng'ambo, wakala, wakashiba, wakatembezwa kwenye mbuga za wanyama, kisha wakaandika kitabu kinene chenye ushauri mmoja tu ndani yake: dereva akichoka, alale. Si kahawa, si mirungi, si kuimba, si kujipiga makofi. Alale.

Baraza la Mawaziri lilikutana kwa dharura. Waziri wa Uchangamfu wa Taifa, Mheshimiwa Dokta Tambarare, mwenye mwili wa kutosha wizara mbili, alisimama akakohoa.

"Waheshimiwa, ushauri tumeupokea kwa mikono miwili," alisema. "Kitabu kinasema usingizi wa dereva lazima ulalwe. Sawa. Lakini nimekisoma mbele nikakisoma nyuma, hakisemi ulalwe na nani. Malori yakisimama ili madereva walale, nchi italala nayo. Sasa nawauliza. Mtu haozwi kwa wakili, na watoto wakazaliwa wa halali? Mtu hahijiwi na mwanawe naye yuko kaburini, na thawabu zikamfika? Na sisi wenyewe hapa, hatuli kwa niaba ya wananchi? Nani amewahi kuja kwenye jengo hili kulalamika kwamba hakushiba?"

Hakuna aliyewahi kuja, hilo ni kweli tupu. Jengo lile lina geti, na geti lina askari.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Usingizi wa Uwakala. Kila dereva, na baadaye kila mfanyakazi wa kiwandani, alitakiwa amteue ndugu yake mmoja awe wakala. Wakala atalala kwenye ukumbi wa umma mchana, dereva ataendelea na safari, na usingizi utamfika huko huko aliko. Matajiri wenye malori walifurahi wakachinja ng'ombe. Wataalamu walipelekewa habari huko kwao, na inasemekana hawakujibu kitu, jambo ambalo Mheshimiwa Waziri alilitafsiri kuwa ni wivu.

Siwema alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye mikono myepesi, ambaye akishika jambo halimtoki. Mumewe, Chande, alikuwa dereva wa Shirika la Mizigo, mrefu, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kumsimulia. Kabla ya sheria, Chande alipozidiwa njiani alikuwa akijikamulia ndimu kwenye kope, akaendesha huku machozi yanamchuruzika na huku anaimba. Siwema alilijua hilo kwa sababu kope zenyewe zilikuwa zimebabuka. Alimpaka mafuta ya nazi bila kumuuliza kitu, na katika dunia nzima alikuwa akiomba jambo moja tu, mume wake arudi.

Kwa hiyo sheria ilipotangazwa, Siwema alikuwa wa mwanzo kwenye foleni. Najua wapo watakaocheka wakisikia hivyo. Anayecheka hajawahi kumpenda mtu aliye barabarani. Ukimpenda mtu aliye barabarani, ukaambiwa simama kwa mguu mmoja atafika salama, utasimama, na ukiulizwa mpaka lini utajibu mpaka afike.

Palikuwa na mtihani, kwa sababu katika nchi hiyo hapakosi mtihani. Mtahiniwa alilazwa juu ya meza, na mtahini akapiga sufuria kwa mwiko karibu na sikio lake. Aliyefumbua jicho alishindwa. Siwema alikuwa ametoka kushona nguo za harusi ya watu bila kupumzika, akalala palepale juu ya meza, wakapiga sufuria mpaka ikabonyea, wakamwita na mkuu wa kituo aje aone. Alipewa leseni ya kulala daraja la kwanza. Siku hiyo Chande alimnunulia kanga mpya na kuwatangazia madereva wenzake kwamba mke wake analala kuliko wake zao wote.

Cherehani likafunikwa kitambaa. Siwema akaanza kazi.

Ukumbi wa mji wao zamani ulikuwa maktaba. Walitoa vitabu, wakaingiza magodoro, na wapita njia wakasema mbona haukubadilika sana. Magodoro yenyewe yaliletwa na Chande. Ndiyo, huo ndio ulikuwa mzigo wake tangu sheria ipite, maana nchi nzima ilikuwa ikifungua kumbi na kila ukumbi ulitaka pa kulalia. Chande alibeba magodoro kutoka bandarini akayasambaza mpaka mipakani, mlima wa magodoro mgongoni mwake, yeye mwenyewe akiwa hajaufikisha ubavu wake kwenye kitu laini tangu sijui lini. Wenzake walimtania kwamba amezungukwa na usingizi kama mvuvi aliyezungukwa na maji naye ana kiu. Chande alicheka.

Msimamizi wa ukumbi, Bi Zamda, aliwahi kuwa mwalimu wa chekechea. Alitembea kwa raba kati ya magodoro, akimfunika huyu, akimgeuza yule anayekoroma. Hakuwa mtu mbaya. Walikuwapo akina mama, akina bibi, na mababa wachache waliokuwa wakiwalalia binti zao wa kiwanda cha nguo. Bibi mmoja aliyewalalia wanawe watatu, wote wa kiwanda cha saruji, siku moja aliinua kichwa akauliza, "Na usingizi wangu mimi mwenyewe, mwanangu, niulale wakati gani?" Bi Zamda akalipeleka swali wilayani, wilaya ikalipeleka wizarani, na wizara ikaunda kamati. Kamati bado inakaa. Waliochungulia dirishani wanasema wajumbe wote wameegemeza vichwa mezani, lakini huenda wanafikiri.

Siwema alilala kwa moyo wake wote. Alilala kama anavyoshona, kwa mpango, hapindishi. Akijilaza alimtaja Chande kwa jina, akanuia, akafumba macho. Akiamka alihisi kama mtu aliyefuma nguo nzima na kuituma kwa basi. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza imemfika, imemtosha, au imembana mabegani.

Tabu ilikuwa simu. Chande, naye mtu mwenye mapenzi, hakuweza kuendesha bila kuuliza.

"Mama Tunu, umelala?"

"Nilikuwa nimelala, baba Tunu."

"Haya, lala basi. Nilitaka kujua tu. Huku macho yamekuwa mazito kidogo."

Naye Siwema angerudisha kichwa kwenye mto, moyo unamwenda mbio, akiutafuta usingizi kwa haraka ili aufikishe kabla hayo macho hayajawa mazito zaidi. Wewe jaribu siku moja kulala kwa haraka.

Ndoa yao ikawa ya kupishana. Dereva akiwa likizo, ndipo wakala anapofanya kazi kubwa, kwa sababu inabidi alale usingizi wa akiba wa safari ijayo. Chande alipokuwa nyumbani, Siwema alikuwa ukumbini. Siwema aliporudi jioni, Chande alikuwa ameitwa. Binti yao Tunu, wa chekechea, alipoulizwa na jirani mama yako yuko wapi, alijibu mama yuko kazini kalala, na baba yuko safarini kaamka. Jirani aliona mtoto ana akili.

Siku moja mchana Chande alifika kwenye geti la ukumbi. Sheria iliruhusu salamu fupi. Siwema alitoka na kanga yake, jicho moja limeshiba usingizi na jingine bado, akamkuta mumewe ameshika nondo za geti kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye kwenye meli inayoyumba.

"Mama Tunu," alisema, "leo mwili hauniitikii. Nauambia njoo, unasema tangulia. Hebu nipishe hapo kwenye godoro lako nijiegeshe kidogo tu."

Siwema aliangalia nyuma. Bi Zamda alikuwa mwisho wa ukumbi, anamfunika mtu. Angeweza kumpitisha. Lakini sheria ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: dereva akijilalia mwenyewe, usingizi wote aliolaliwa unafutika, kwa sababu mtu hawezi kulaliwa mara mbili. Tena ananyang'anywa leseni. Siwema hakujali sana leseni. Aliujali ule usingizi. Alikuwa ameulala siku nyingi, mzima, bila kuudokoa, ili Chande afike mpakani na arudi.

"Baba Tunu, ninao usingizi wako wa safari nzima," alimwambia. "Ukijiegesha utaumwaga wote. Ukishamwagika nitautoa wapi mwingine leo hii?"

Chande alimtazama. Alikuwa na macho mekundu, na kwa mara ya kwanza hakucheka kabla hajasikia mwisho.

"Kweli hiyo," alisema. "Basi nilalie vizuri."

"Nitakulalia kama mfalme."

Chande akampitishia kwenye nondo visheti alivyovinunua njiani, vimefungwa kwenye gazeti. Mikono yao ilikutana hapo kwenye geti, ikakaa kidogo. Kisha akaenda, na Siwema akarudi godoroni, akafumba macho kwa nguvu mpaka yakamuuma.

Safari hiyo Chande alikwenda akarudi. Siwema alishukuru, akaona alifanya sawasawa.

Safari iliyofuata iliangukia Siku ya Kitaifa ya Usingizi. Mheshimiwa Dokta Tambarare alichagua ukumbi wa mji wao aje kuwapongeza wananchi kwa kulala. Msafara ulitangazwa asubuhi, na kwa kuwa waziri hawezi kupokewa na watu waliofumba macho, ilibidi wote waamshwe. Bendi ya tarumbeta iliingia mpaka katikati ya magodoro. Mawakala wa madereva, mawakala wa wasaga saruji, mawakala wa wafuma nguo, wote wakasimamishwa mistari miwili, wakapewa bendera ndogo, na mtu wa itifaki akapita akiwafuta matongo ya macho kwa kitambaa.

Siwema alimvuta Bi Zamda mkono. "Bi Zamda, mume wangu yuko barabarani saa hizi. Nani anamlalia?"

"Pepea bendera, mwanangu. Akishaondoka utalala mara mbili."

"Na hapa katikati je?"

Bi Zamda alitazama chini, kwenye raba zake. "Pepea tu," alisema.

Mheshimiwa alipanda jukwaani. "Ndugu wananchi," alianza, "mwili wa taifa ni mmoja. Mkono ukifanya kazi, jicho linalala kwa niaba yake. Leo nchi yetu ndiyo inayoongoza duniani kwa madereva wasiochoka, na nina furaha kuwaambia kwamba wizara yangu imelifuta neno uchovu katika takwimu. Ninyi laleni. Laleni bila hofu. Serikali iko macho."

Alisema hivyo na mengine mengi. Alieleza historia ya usingizi toka enzi za mababu. Alieleza jinsi yeye binafsi anavyojitolea kulala bungeni kwa niaba ya jimbo lake zima. Jua lilipanda, tarumbeta zilipokezana na makofi, na Siwema, palepale kwenye mstari, alijaribu. Alilitaja jina la Chande polepole, akanuia, akafumba macho akiwa wima na bendera mkononi. Askari alimgusa kwa rungu begani. Kumlalia mtu wakati waziri anahutubia ni dharau. Akafumbua. Akajaribu tena, akaguswa tena. Hakukubali. Mpaka hotuba inakwisha bega lake lilikuwa limevimba.

Wakati huohuo, kwenye barabara iliyonyooka, mchana kweupe, lori la Chande lilitoka njiani.

Aliyeona ni Mwinyikai, dereva mwenzake na rafiki yake wa siku nyingi, aliyekuwa akija nyuma na lori lake la saruji. Alisema lori halikuyumba wala halikupiga breki. Liliiacha barabara polepole, kwa adabu, kama mtu anayekunja kuingia kwake. Mwinyikai alipiga honi. Alipiga honi akaing'ang'ania, akapiga kelele ndani ya kabini peke yake, na lori likaendelea kuingia kwake mpaka likafika korongoni. Magodoro yalipasua turubai yakaruka kila upande, yakatapakaa bonde zima. Chande yeye aliangukia kwenye mawe. Wanakijiji walikuja mbio, na mpaka Mwinyikai anateremka magodoro yalikuwa yanapanda mlima vichwani mwa watu. Wenye huruma walibakisha moja, wakamlaza juu yake.

Mzee mmoja aliyekuwapo alisema ndugu yetu huyu sura yake si ya mtu aliyeshtuka. Mwinyikai aliposimulia kwa mfiwa, hapo alipita haraka.

Sasa, nchi hiyo haizembei. Kabla hata Chande hajazikwa, iliundwa Tume ya Kumbaini Asiyelala. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu mwenye miwani mikubwa, na kulia kwake walikaa makamishna wawili wa kuitikia. Siwema aliletwa akiwa na kaniki na bega lake bado bovu.

"Mama," alisema Mwenyekiti kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, "sheria inajua mambo mawili tu. Ama wakala alilala, na dereva akaupokea usingizi akautapanya ovyo, na hapo marehemu ndiye mkosaji. Jina lake litafutwa katika orodha ya madereva, na hatasindikizwa kwa honi. Ama wakala hakulala, na hapo mkosaji ni wewe. Tume inakuuliza. Ulilala?"

"Waliniamsha, Mheshimiwa. Alikuja Waziri na tarumbeta."

Makamishna waliandika. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

"Tumelichunguza hilo. Tumeita mashahidi kumi na kenda, kutoka kila mkoa ambako Mheshimiwa Waziri amewahi kuhutubia. Wote wamethibitisha kwa kiapo kwamba hotuba zake hazijawahi kumwamsha mtu. Kinyume chake, mama. Watu wenye matatizo ya usingizi wanapelekwa kuzisikiliza. Ina maana siku ile ukumbi mzima ulisaidiwa kulala, isipokuwa wewe, kwa ukaidi wako."

Ukumbini mtu mmoja alicheka, akatolewa nje.

Siwema aligeuka nyuma. Katika umati alimwona Mwinyikai amesimama na kofia mkononi, na nyuma yake madereva wengine, wote wamekuja na malori yao, yamepangwa nje yakisubiri amri ya kupiga honi au kutopiga. Alimfikiria Chande akizikwa kimyakimya kama mwizi. Halafu, na hili ndilo linaloniuma mimi, alilifikiria lile swali kwa haki. Alijiuliza mwenyewe kwa uaminifu kama alilala. Akaona hakulala. Mumewe alikuwa barabarani, akimtegemea, na yeye alikuwa amesimama kwenye jua anapepea bendera.

"Sikulala," alisema.

Tume ilimshukuru kwa ushirikiano. Leseni yake ya daraja la kwanza ilikatwa kwa mkasi mbele ya watu, na akapigwa marufuku kumlalia binadamu yeyote maisha yake yote. Chande alisindikizwa kwa honi. Malori yote yalipiga kwa pamoja, na Tunu, aliyebebwa na jirani, aliziba masikio kwa viganja.

Tangu hapo usingizi ulimhama Siwema. Aliyelala juu ya meza huku sufuria zinapigwa sasa aliusikia kila mjusi darini. Alitoa kitambaa kwenye cherehani akaanza kushona tena, na watu waliomletea nguo waliziacha mlangoni wakaondoka bila kuketi, kwa kuwa hakuna mwenye ndugu barabarani anayependa kukaa na mwanamke aliyemwacha mumewe akaanguka. Hakuwalaumu. Alikula kwa sababu ya Tunu. Kila saa alikuwa akiirudia siku ile akiipanga upya: angejificha chooni akalala huko, angemng'ata askari wakamfunga akalala rumande, angejifanya amezimia. Njia zilikuwa nyingi kumbe. Mtu mwenye kosa angalau ana kitu cha kushika, na Siwema alilishika kosa lake kama mtoto.

Ikawa siku moja, saa za mchana, Tunu yuko chekechea, lori la saruji likasimama barabarani mbele ya nyumba. Mwinyikai aliteremka. Alikuwa amepauka, si saruji tu, na alipofika kwenye baraza aliishika nguzo kwanza ndipo akatoa salamu.

"Shemeji, hodi."

"Karibu, shemeji. Starehe?"

"Starehe itoke wapi? Mke wangu amejifungua, na mtoto halali. Usiku mama yake halali, mchana halali. Mama wa mtu atamlalia nani na kichanga kiko kifuani? Shirika wamenipa mpaka jioni nionyeshe nimelaliwa, la sivyo lori anapewa mwingine. Sina ndugu mji huu." Akashusha sauti. "Nimekuja unilalie. Kwa magendo."

"Mwinyikai, mimi nimekatazwa. Na wewe ulikuwepo. Ulisikia nilichosema."

"Nilikuwepo na huko korongoni pia. Watu wote wanajua usingizi wako ulikuwa mzuri, shemeji. Siku moja tu ilikutupa. Na mimi sina pengine."

Siwema aliyatazama macho yake. Alikuwa ameshawahi kuyaona macho ya namna ile, nyuma ya nondo za geti. Akatandika mkeka barazani, akamwambia, "Kaa hapa unisubiri. Mimi naingia ndani."

Alifunga dirisha, akajilaza kitandani, akalitaja jina la Mwinyikai, akanuia. Alijitahidi. Aligeukia ukutani, akageukia mlangoni, akapanga pumzi kama zamani. Hakuna kilichokuja isipokuwa lile bonde na magodoro. Alipoona amekaa kitambo na hata kope hazijawa nzito, aliinuka ili akamwambie ukweli, ajitafutie wakala mwingine kabla ya jioni.

Alimkuta Mwinyikai amelala.

Hakuwa amejiegesha. Alikuwa amezama, shavu limeganda kwenye mkeka, mdomo wazi, mkono mmoja umeenda huko na mwingine huku, kama nguo iliyodondoka kambani. Sheria ilisema anayemkuta dereva anajilalia amwamshe papo hapo, apige na kelele. Siwema alinyoosha mkono amtikise. Mkono ukabaki juu. Kisha akauchukua upepeo, akakaa chini kando yake, akaanza kumfukuzia nzi.

Alikaa hapo akimwangalia. Kwanza uso ulikuwa umekunjana, taya zimebana, miguu inakanyaga breki za ndotoni. Baadaye taya zikaachia. Mikunjo ya kipaji ikajinyoosha mmoja mmoja. Ile rangi ya majivu ikamtoka polepole, damu ikarudi mashavuni, na Siwema akaona mtu anarudi ndani ya mwili wake bila kulaliwa na mtu yeyote, mbele ya macho yake, kwenye mkeka wa kawaida. Upepeo ulimponyoka mkononi. Akauokota akaendelea kupepea.

Kivuli kilikuwa kimefika upande wa pili wa uwanja Mwinyikai alipofumbua macho. Yalikuwa meupe. Alijinyoosha mpaka mifupa ikalia, akakaa kitako, akamtabasamia.

"Shemeji," alisema, "wewe una usingizi! Nimeusikia unavyoniingia, mpaka kwenye vifundo vya miguu. Walikuonea wale. Walikuonea kabisa."

"Mimi sikulala, Mwinyikai. Uliyelala ni wewe."

Alicheka kidogo, kwa upole, kama watu wanavyomchekea mfiwa aliyeanza kupata nafuu.

"Mimi nilifumba macho tu, shemeji. Jua lilikuwa kali."

"Ulilala. Nimekaa hapa nakupepea. Ulilala mwenyewe ukaamka mzima."

"Haya," alisema Mwinyikai, akivaa viatu vyake. "Haya, shemeji. Mungu akulipe." Akashuka ngazi kwa miguu miepesi, akaruka ndani ya lori, akapiga honi mara moja ya kumuaga. Lori likashika barabara likanyooka, halina hata dalili ya kuyumba, mpaka likapotea.

Siwema aliuweka mkono pale alipokuwa Mwinyikai. Mkeka ulikuwa bado una joto. Chande angetosha hapo, miguu ingetokeza kidogo tu. Asingeomba mto. Basi akalala yeye mahali hapo, akavuta kanga usoni, akamlilia mumewe kwa sauti, mpaka majirani waliokuwa hawaji wakaja. Walimshika mabega wakamwambia nyamaza, mama Tunu, kosa lilishasamehewa, lilikuwa la siku moja. Hawakujua analia nini. Tume ilimtia hatiani kwa siku moja aliyoamka, na yeye alikuwa akizililia siku zote alizolala.